Sentimita Kumi na Tisa

Kabla ya kengele ya shule Leida hutoboa barafu,
hushusha rula, hunong'ona namba.
Jana ishirini na nne. Leo kumi na tisa.
Anaburuta kizuizi chekundu katikati ya njia.

Uku, dereva wa maziwa, anashuka akifoka:
kisiwa si kile pale? Si moshi wa jiko langu ule?

Waliosema ziba ufa hawakuujua huu,
unaokimbia chini ya buti ukilia kama kibwa.
Huu haukubali udongo.
Mtu husimama mbele yake, basi.

Jioni lori ni zima, dereva ni mzima,
amenuna, anakula viazi upande wa bara.
Nani amshukuru Leida
kwa jeneza lisilochongwa?

Anafuta rula. Anaandika: kumi na saba.