Kitako cha Kopo

Simu ya mwanangu Gwimo ina ufa
unaopita katikati ya uso wa yule daktari,
na bado uso unapendeza.
Koti jeupe. Mpira wa kusikilizia moyo shingoni.
Nyuma yake vitabu vilivyopangwa kwa rangi.

Anaanza kwa kulia kidogo.
Mama yake, anasema, alitambaa miaka saba,
na kinanda kinaingia hapo hapo, polepole,
kama mtu anayebisha hodi akijua mlango u wazi.
Magoti yangu, yanayoinama Kibirizi tangu saa kumi alfajiri
kuanika dagaa, kuwageuza, kufukuza kunguru,
yakaitikia kabla yangu.

Kisha: kuna watu hawataki ujue haya.
Watu gani, hasemi.
Kisha: wameshanunua elfu kumi na mbili.
Kisha bibi mmoja anatupa fimbo, anatembea,
na kati ya hatua ya pili na ya tatu
kitenge chake kinabadilika rangi.
Gwimo hakuona. Mimi vitenge navijua.

Chini, saa nyekundu inarudi nyuma.
Dakika tisa. Nane.
Chupa zimebaki nne.

"Mama, tuma, zinaisha!"
Nilikuwa nimeshabonyeza tarakimu mbili za namba ya siri.

Nikacheka. Cheko la aibu, si la ujanja,
maana hiyo "zinaisha" ni yangu.
Ni yangu mimi, Dativa, meza ya tatu kutoka kwenye mzani,
wingu likivuka kutoka upande wa Kongo:
"Hawa ndio wa mwisho, dada, jana mitumbwi haikutoka!"
na chini ya meza magunia mawili
yamelala yananisikiliza.

"Mwalimu wa Mwanga kachukua sado tatu asubuhi hii."
Mwalimu yupo. Mwezi uliopita alichukua moja.
Juu nawapanga weupe, wanaong'aa kama sindano;
wa juzi wanakaa chini, gizani, kwa heshima.
Wachache natoa bure, kiganjani,
kwa kuwa aliyeonja chako huona haya kuondoka mikono mitupu.
Na kopo lenyewe,
nasema kwa kuwa nimeshaanza kusema,
kitako chake kimegongwa kwa ndani.

Husema chema chajiuza.
Aliyesema hakuwahi kukaa sokoni.
Hata wazuri wangu nawaitia watu mpaka koo linakauka.
Kwa hiyo kelele za daktari sikuzihesabu kosa.
Nilimtaka lile ambalo kila siku naomba
mteja asinitake mimi:
geuza kopo tuone.

"Gwimo, zima sauti. Rudisha mwanzo."

Bila kinanda alibaki mwanamume
anayefungua na kufunga mdomo,
na chupa yenye karatasi iliyobandikwa upande.
Na ile saa, tulipoirudia,
ilianza upya.
Dakika tisa. Chupa nne.
Tulirudia mara tatu. Chupa nne.
Mtoto akanyamaza, akaniangalia mimi,
si simu.

Usiku nilichukua nyundo, nikaligonga kopo kutoka nje…
hapana, nilikosea, lilizidi kuingia.
Nikaligeuza, nikagonga kutoka ndani.
Halikunyooka sawasawa.

Magoti bado yanauma.