Kizingiti cha Mtakatifu Oswaldi

Kamati ya jubilei imenipa kurasa mbili
na daftari la ubatizo lililoliwa na mchwa pembeni.
Wakasema: Nyemo, wewe una mwandiko,
tuandikie historia ya parishi, isiwe ndefu,
Askofu ana safari ya Mpwapwa jioni ile.

Nikaanza na jina.
Oswaldi: mfalme wa Wasaksoni wa kaskazini,
aliyesimika msalaba wa mti kabla ya vita,
akaushika kwa mikono yake mpaka udongo uliposhindiliwa.
Vita vingine vikamla. Adui akamkata kichwa na mikono,
akavitundika juu ya miti.
Na pale alipoanguka, husimuliwa,
farasi mgonjwa aligaagaa akainuka mzima,
ndipo watu wakaanza kuchota udongo,
wakaukoroga majini, wakawanywesha wagonjwa wao,
wakachota, wakachota,
hata pakawa shimo la kimo cha mtu.

Habari hizo alizileta Chiwondo Bwana Haradi,
kasisi mwenye ndevu za rangi ya mahindi,
ambaye kwao kila kisima na kila njia panda
palikuwa na mfalme aliyepita, aliyelala, au aliyefia hapo.
Akatazama vichaka, akatazama tembe zetu,
hakuona mfalme.
Akatuazima wa kwao.

Mfalme alikuwa ameketi mbele yake, kwenye kigoda,
amejipaka samli, anamtazama.

Mtemi Masinjisa. Namtafuta daftarini.
Ukurasa wa kwanza: Oswaldi, mwana wa M., mkuu wa hapa.
Herufi moja na nukta.
Ukurasa wa tisa, kwenye mipaka ya parishi:
toka korongoni hadi lilipokuwa jiwe la mvua.
Lilipokuwa.
Na kwenye hesabu za ujenzi, wino umefifia:
wabeba jiwe, wanne; chumvi, vibaba viwili.

Nikafunga daftari, nikatoka nje.
Kizingiti cha kanisa ni jiwe jeusi,
limelainika kama jiwe la kusagia uwele.
Miaka mia tumelikanyaga tukienda kuungama.
Chini yake, upande wa mashariki, pana kishimo.
Baba, alipokuwa mzee wa kanisa,
alikiziba kwa saruji kila Novemba,
na kila Januari, mvua ikikawia,
tulikikuta wazi.
Alilaumu panya. Akalaumu mbwa. Kisha akanyamaza.
Mama alipofariki nilifungua sanduku lake:
kanga mbili, kadi ya kliniki,
na kitambaa kilichofungwa fundo,
ndani yake udongo
na vipande vya saruji.

Oswaldi wako saba hapa kijijini.
Mmoja anaziba pancha za baiskeli karibu na mashine ya kusaga.
Nilimsimulia habari za mfalme, msalaba, vita, mikono mitini.
Akasikiliza huku amezamisha tyubu kwenye beseni,
anatafuta kiputo.
"Huyo somo yangu," akauliza, "alikuwa na ng'ombe wangapi?"
Nikamwambia haikuandikwa.
"Basi waliomwandika hawakumjua."

Kamati imenirudishia kurasa zangu:
punguza, hasa hapo kwenye jiwe.
Nimepunguza ndevu za kasisi.
Nimemtoa farasi, ingawa nilimpenda.
Na ile herufi moja na nukta
nimeiandika jina zima, Masinjisa,
kwa herufi zile zile nilizomwandikia Oswaldi,
si kubwa zaidi, si ndogo.

Leo tarehe kumi na nne Januari
mawingu yamepita kuelekea Kongwa, hata kutuaga hayakutuaga.
Uwele umejikunja kondeni kama sigara.
Jioni nimekwenda kufagia kanisa,
na kishimo, nilichokiziba mwenyewe Jumamosi,
kiko wazi.
Nimetazama nyuma. Hakuna mtu.
Nimeingiza mkono nipime, kwa ajili ya historia.
Umezama mpaka kwenye kifundo,
na ndani, chini kabisa,
udongo una ubaridi.