Kisanduku cha Arobaini na Saba

Barua ya kampuni ilifika Jumanne, kurasa mbili,
lugha laini kama ya daktari anayekwepa macho yako:
kuanzia Machi hawatauza tena, hawatatengeneza,
simu ikipigwa haitapokelewa.
Irja aliisoma amesimama, koti bado mabegani,
theluji ya Thunder Bay ikiyeyuka kwenye buti zake.
"Wameshachimba kaburi," akasema, "na mgonjwa bado anakula."
Akaenda kuchemsha maji.

Mimi ndiye niliyeletwa kuhesabu.
Fomu elfu moja mia moja arobaini na tatu:
za kiwiko, za mgongo, za pafu lililojaa vumbi la ngano,
fomu ya kuomba fomu,
fomu ya glavu, kurasa nne,
haijajazwa tangu aliyeibuni astaafu.
Zote zafunguka kwa kivinjari kimoja tu,
kwenye mashine moja, chini ya meza,
iliyobandikwa karatasi: USINIZIME.
Mwandiko wa Gaétan.
Gaétan mwenyewe alizimika mwaka juzi.
Mashine bado inanguruma.

Vijana wa ghorofa ya nne wanaiita kikongwe.
Ya kale, wanasema, si yote dhahabu.
Na hawakosei: ukibofya "Tuma" unakwenda kula, unarudi,
duara bado linazunguka.
Jina lililoandikwa kwa herufi za Kikree
linageuka safu ya alama za kuuliza,
mtu mzima, na ndevu zake,
anaitwa ???? na hundi inatoka kwa jina hilo.
Nimeiona hundi. Sitaitetea.

Lakini kuna kisanduku cha arobaini na saba.
Hakina kichwa. Mstari mtupu, herufi sitini, basi.
Kwenye jedwali langu nilikitia alama nyekundu:
hakina kazi, kiondolewe.
Irja akavuta kiti.
"Ghala la nafaka lilipolipuka alikuja mwanamke, Ottilie,
miaka kumi na tisa amekaa na mtu bila cheti.
Fomu ikamuuliza: mke? mama? dada?
Alikaa hapo ulipokaa wewe,
akapandisha macho, akateremsha,
hakuona pa kujiweka.
Usiku ule nikamfungulia."

Nikaenda kutazama. Wamekijaza watu mia tatu na sita.
Nilikuwa nampikia.
Ni baba, ila hakunizaa.
Tulikuwa tuoane Juni.
Mbwa wake ninaye mimi.

Mfumo mpya una orodha ya kuchagua;
ya mwisho kabisa inasema "Nyingine".
Nimeifuta alama nyekundu, nikairudisha, nikaifuta.

Ijumaa Irja alijaza fomu yake mwenyewe, ya kustaafu.
Ikamkatalia.
Anaondoka mwakani, na orodha ya miaka
inaishia mwaka huu.
Alicheka mpaka miwani ikalowa:
orodha aliiandika yeye, enzi za nywele nyeusi,
Gaétan akamuuliza tuifikishe wapi,
wakachagua mwaka wa mbali, wa mzaha,
mwaka ambao programu itakuwa imeoza
na wao wawili wako ziwani, wametoboa barafu, wanavua.

Akapiga magoti, akaivuta kibodi ya mashine ya chini ya meza.
Vidole vikaenda bila macho.
Akaongeza mwaka mmoja.

"Tia kumi," nikamwambia, "hawa wa juu huenda wakachelewa."

Hakunijibu. Akabofya "Tuma",
akajipangusa magoti,
tukaenda kunywa kahawa,
tukaliacha duara linazunguka.