Nusu ya Tiketi

Kazi yangu ni kuchana tiketi: nusu yao, nusu yangu.
Miaka kumi na mmoja mlangoni pa sinema hii ya Duluth,
mji ambao Februari theluji huingia ndani na buti zake.
Huwaona wakiingia na uso mmoja, wakitoka na mwingine,
na maoni huanza kabla zipu ya koti haijafungwa.

Wiki hii ni mchezo wa kale uliovishwa jinzi.
Mabwana wa kasri sasa ni watoto wa sekondari,
barua za siri hupenyezwa kwenye makabati ya shule,
na wale wawili waliozoea kujibizana tusi kwa tusi
wanadanganywa na marafiki, kila mmoja kivyake,
kwamba mwenzake anakonda kwa kumpenda.
Wakaamini. Nani asingeamini?

"Takataka," alisema Bwana Halvorsen,
akitafuta glavu yake ya kushoto.
Alikuwa amecheka mara tisa. Nilihesabu:
kicheko chake kina mluzi mwishoni.

Dada wawili wa kina Petrich walitoka wakigombana.
Mmoja anasema kijana ni mzuri mno kuwa mwerevu,
mwingine, kwamba werevu ndio uliompa uzuri,
ukimtazama vyema pale anapotumbukia bwawani.
Wamo garini bado. Vioo vimejaa ukungu,
injini inanguruma, hawaondoki.

Teppo amekuja mara ya nne, peke yake.
Hana maoni. Hununua bisi, hukaa safu ya tatu,
na binti anapokiri kwamba naye anapenda
midomo ya Teppo hutamka pamoja naye, polepole,
kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

Mapenzi na kikohozi havifichiki, walisema wahenga.
Ukumbi mzima unakohoa.

Kisha Bi Lempi Saarela, aliyeufundisha mchezo ule wa kale
miaka thelathini na miwili, akasimama chini ya taa:
"Wameua ushairi. Mistari mia saba, jalalani!
Wameweka nini? Magitaa, na busu kwenye mvua."
Nikatikisa kichwa. Mchana tiketi hana upande.

Nyuma yake binti mmoja, Maren, kofia ya sufi ya manjano,
macho mekundu, si kwa kilio, kwa hasira:
"Yule aliyeaibishwa dansini mbele ya shule nzima,
kwa uongo, kwa nini amemsamehe yule mvulana?
Dakika mbili tu! Kwenye ule wa kale naye alisamehe?"

Bi Lempi alifungua mdomo. Akaufunga.
Mashine ya bisi ikapasua punje zake za mwisho.
"Alisamehe. Tena upesi zaidi."
"Na wewe ulikuwa ukiwaambia nini wanafunzi?"
"Nilikuwa nikiwaambia wahesabu silabi."

Alhamisi theluji ilifika magotini. Tuliuza tiketi sita,
moja yake. Aliketi safu ya nyuma, koti hajavua,
daftari mapajani.
Ilipofika ile dansi nilichungulia:
kalamu ilikuwa imelala.

Alipotoka sikumuuliza. Alisema mwenyewe:
"Magitaa yamezidi. Nasema tena, yamezidi.
Lakini msichana anapovunjiwa heshima
kamera inabaki usoni mwake, haiendi popote.
Mimi, pale, nilikuwa nikigeuza ukurasa."

Mimi filamu hii sijaiona nzima. Huipata vipande,
mlango unapofunguka mtu akienda msalani:
kiatu, busu, mtu anayejificha nyuma ya pazia
akisikiliza uongo uliopikwa kwa ajili yake.
Yatosha kujifunza.

Nikatoa mfukoni glavu iliyookotwa chini ya kiti.
"Ya Bwana Halvorsen," nikamwambia. "Mnakaa mtaa mmoja.
Mpelekee. Amekuwa akikuulizia."

Nusu ilikuwa kweli. Ni mtaa mmoja.