Kelele Hufika Kwanza

Chang'ombe, nyuma ya gereji ya malori,
goli tunalijua kabla ya televisheni.
Picha hupanda mbinguni kwanza, ishuke kwenye ungo,
ipite sijui kwa nani na nani;
kelele yenyewe huja kwa miguu, njia ya mkato,
inaruka ukuta wa shule bila ruhusa.

Kibanda umiza cha Kondo kilikufa hivyo.
Watu wamelipa mia tano mia tano,
mshambuliaji bado anafunga kamba za kiatu,
na huko nje Taifa imeshalipuka.
"Kondo, rudisha hela. Sinema tumeshasimuliwa."

Shangazi Chausiku hakuwahi kulipa.
Miaka kumi na minane kwenye karai la mihogo
alisikiliza, upawa ukiwa hewani.
Aliujua mlio wa goli na mlio wa mwamba,
na ule wa penalti iliyopaa:
"Kama mtu anayekaa, kumbe kiti kimevutwa."
Hata kimya alikisoma.
"Tumefungwa. Geuza mihogo."

Jumamosi ile nikamkatia tiketi ya mzunguko.
"Nivae nini?" akauliza, kama aliyeitwa mahakamani.
Akavaa kitenge cha harusi ya Sikudhani, na raba zangu.

Getini foleni imejikunja kama utumbo.
Askari wa kike akapekua mkoba:
leso, Panado, kisu cha kumenyea.
"Mama, na hiki?"
"Hicho kwangu ni pete, mwanangu. Husahau kukivua."
Kikatupwa kwenye ndoo
pamoja na viberiti, manukato na vifuniko vya chupa.

Pembeni Shamba la Bibi limekaa zake chini,
mke mkubwa
anayesikia ngoma kwa mke mdogo.

Halafu ngazi. Zege. Giza la mkojo na karanga.
Halafu, sijui nisemeje,
ukijani.
Umemwagwa kule chini kwa wingi
mpaka unahisi umekosea mlango,
kwamba hiki si cha watu wa mzunguko.
Shangazi akanibana mkono.
"Kumbe wenyewe wadogo hivi!
Kelele zote zile, kumbe kwa vijitu vidogo hivi."

Humu hakuna mtangazaji. Hakuna marudio.
Mpira ukienda kona ya mbali unamezwa na vichwa;
unamuuliza jirani, naye anamuuliza jirani,
jibu likirudi, mchezo umeshahama.
Kiti cha plastiki kinachoma kama kikaango.
Baba mmoja mbele yetu ana redio sikioni
ili aelezwe anachokitazama.

Dakika ya sabini na kitu nikamgeukia:
kafumba macho.
"Shangazi! Tumelipa, umelala?"
"Nyamaza. Linakuja."

Halikuwa linakuja. Mpira alikuwa nao kipa wetu,
anautuliza, anatafuta wa kumpa.
Lakini yeye alisikia kitu, labda watu elfu
wa upande wa pili wakivuta pumzi moja,
na mkono wake ukapanda taratibu,
umeshika upawa usiokuwepo.
Nikawa nautazama mkono ule,
makovu ya mafuta kutoka kidole hadi kiwiko,
mengine ya ada yangu ya shule,
wakati zege lilipotetemeka chini ya nyayo zetu.

Goli sikuliona.
Nikiulizwa husema lilikuwa la kichwa.

Kisu hatukukikuta. Ndoo yenyewe haikuwepo.
Tulirudi kwa miguu, yeye raba mkononi,
akilalamika njia nzima kuhusu bei ya maji.

Jumatano usiku kukawa na mechi nyingine.
Taa zile zimeinyanyua mbingu juu ya mabati,
mihogo inachemka kwenye mafuta,
mara sauti ikaja, ikaruka ukuta, ikakatika njiani.
Upawa hewani.
"Wamekosa," akasema.
Akainamisha sikio kidogo.
"Goli la upande wetu. Pale tulipokaa."