Bakuli la Halla

Mizani iliyokuwa ya unga wa mkate
leo imebeba moyo wa ng'ombe,
gramu mia mbili na kumi, na damu kidogo
inayotafuta njia katikati ya namba.

Nje, Kemijärvi, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Roshani ndiyo friza. Haina bili.

Miaka tisa Halla amekula vidonge vya gunia,
rangi ya kokoto, harufu ya ghala,
na miwili kati ya hiyo anajikuna usiku,
goti lake likigonga sakafu
kama mtu anayebisha hodi asingoje jibu.

Daktari Pirkko alisema: polepole.
Maini yasizidi kidole.
Mfupa uwe mbichi; uliopikwa hupasuka vigae.

Jioni ya kwanza alinusa, akarudi nyuma,
akanitazama kama nimempakulia jirani.

Ya pili aliibeba shingo ya kuku
akaificha ndani ya kiatu cha Taisto,
kile nisichokiondoa mlangoni.
Tangu Machi hakijaingia kitu.
Nikaiacha humo hadi asubuhi.

Ya tatu: ka!
Kisha ka! tena,
na Reijo wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza
nani anapasua kuni.
Akaona bakuli, akaona sufuria yangu.
"Yeye nyama, wewe supu ya kopo?"

Leo nimekata moyo
(huu wa ng'ombe, si wangu):
pande kubwa lake, bichi,
kipande changu kikaangoni, na chumvi.

Hajikuni tangu Jumapili.
Au mimi ndiye ninayelala, sisikii.