Mita Moja ya Droo

Profesa Ofelia Arbeláez haanzi na hesabu.
Anaanza na droo ya kabati la marehemu mamaye,
kaipachika magurudumu manne ya viatu vya kuteleza
na mota ya cherehani iliyokwisha kustaafu.
"Hii ndiyo Manizales," asema. "Wekeni nyumba zenu."

Tu kumi na mmoja, macho mazito,
usiku kucha tumejenga kwa tambi na gundi,
ukungu wa mlimani ukitukaushia gundi kwa shingo upande.
Yeison kaleta mnara wa ghorofa tisa, mwembamba kama fimbo ya kipofu.
Nubia kaleta kibanda kinene, kimekaa kitako
kama mtu aliyeshiba.
Mimi nguzo nyembamba, boriti nene nene,
maana nilidhani uzito ndio heshima.

Akakanyaga, taratibu.
Mnara ukainama, ukarudi, ukazidi kuinama;
kibanda hakikujua kama kuna jambo.
Akakaza mwendo.
Mnara ukatulia, kibanda kikashikwa na homa.

"Mmeona? Ardhi haichukii mtu.
Kila jengo lina mdundo wake,
nayo ardhi ikiupata, haiuachi.
Nani kati yenu amemsukuma mtoto kwenye bembea?
Si nguvu inayompeleka juu.
Ni kufika kwa wakati."

Ikaja zamu yangu.
Sikuwahi kuvuta pumzi ya pili.
Ghorofa zote ziliketi juu ya ile ya chini,
kama kuku juu ya mayai.
Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka.
Aliokota vipande kimoja kimoja,
nguzo zimekatika kichwani na miguuni,
akavipanga kiganjani mwangu.
"Boriti zako nzima kabisa. Hongera.
Na waliokuwa chini?"

Kisha akaandika ubaoni, chaki ikilia:
Nyumba iyumbe. Iyumbe, inyumbuke, irudi.
Ikibidi kuvunjika, ivunjike tunapochagua sisi.

Alasiri akataka kuona nyumba ya kale.
Nikamtaja mwenye nyumba wangu, Doña Etelvina,
kuta za mianzi na udongo, ngazi zinazonung'unika.
Alitupokea kwa sukari guru ya moto na malalamiko:
paa linavuja, wapangaji hawalipi (akanitazama),
na nyumba hii, ikitikiswa, hupiga kelele hadi alfajiri.
"Mwanangu Arcesio ataka kuibomoa. Eti aibu."
Profesa akabisha ukuta kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza kama daktari kifuani,
akatabasamu, mara ya kwanza tangu Februari.

Halafu akatazama juu.
"Kile ni nini?"
Tangi la zege, Arcesio alilijenga Krismasi,
lita elfu mbili, darini,
sawasawa juu ya kitanda changu.

Hakuna aliyesema neno.
Profesa alihesabu kwa kalamu kwenye mkono wake mwenyewe,
akafika kwenye kiwiko, akaacha.
"Vueni makoti," akasema.

Basi somo la pili lilikuwa ndoo.
Kumi na mmoja ngazini, mkono kwa mkono,
maji yakimwagika shingoni mwa Nubia,
Yeison akiimba vibaya,
kisha nyundo, kisha vifusi kwa magunia,
na Arcesio mlangoni, kanuna, akidai fidia.
Doña Etelvina akamwambia anyamaze, ashike gunia.

Sijui kama tuliokoa kitu.
Wiki nne baadaye, saa tisa usiku,
ardhi iligeuka ubavu mmoja tu, kama mlalaji.
Mianzi ikalia kwii, kwii.
Sikukimbia. Sisemi kwamba sikuogopa.
Nilihesabu: milio kumi kwa sekunde nne.
Taa iliporudi nikaiandika tarakimu ile kwa penseli,
kwenye mwimo wa mlango,
pale Doña Etelvina alipokuwa akipima
urefu wa Arcesio.